Kalamu na Karamu

Mabatini, Mwanza
9 Juni 2024

Mama yangu Kokulinda,

Shikamoo. Sisi huku wazima, Jovinary yuko Geita kwenye kazi zake za kupima viwanja, Chenge amepona kikohozi. Nimekupigia simu mara nne wiki hii. Unapokea, unasema "haloo, wazima wote, Mungu awabariki", halafu unakata kabla sijamaliza salamu. Jovinary anasema mtandao wa Kamachumu ni mbovu tangu zamani, basi nimeona nikuandikie. Barua nimempa konda wa basi la Muleba, ni kijana mwaminifu, mkewe anashona sare za watoto dukani kwangu.

Mama, habari yenyewe ni ya mjukuu wako Leonsia. Matokeo ya nusu mwaka yametoka. Amekuwa wa hamsini na mbili kati ya hamsini na tatu, na huyo wa hamsini na tatu alikuwa amelazwa hospitali siku za mtihani. Yuko darasa la nne na hajaweza kusoma aya moja mpaka mwisho. Kwenye daftari la insha ameandika, nakunakilia kama ilivyo: "Didi yangu anapika nbizi." Mwalimu amezungushia wino mwekundu akauliza pembeni, Didi ni nani?

Lakini kinachonisumbua zaidi ni L na R. Anazichanganya ovyo. Nikimsomea neno lenye R anaandika L. Mwalimu wake anasema watoto waliolelewa kwa bibi vijijini huja na lafudhi ya huko, na lafudhi hiyo huingia mpaka kwenye daftari. Sisemi ni kosa lako, Mama. Nilipougua baada ya kumzaa Chenge wewe ndiye uliyembeba Leonsia, ukakaa naye miaka minne, na nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Ila Kihaya mnavyochanganya hizo herufi unajua mwenyewe. Kwa hiyo likizo hii ya Juni hatakuja kwako. Nataka abaki hapa tumnyooshe ulimi kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi wa kumi. Naomba usinielewe vibaya.

Mkweo,
Odeta


Kamachumu
23 Juni 2024

Mama Leonsia,

Marahaba. Barua imefika, na konda wako kweli mwaminifu, ila alitaka ndizi.

Nimekuelewa vizuri sana. Barua hii nimempa katekista wetu, mwalimu Revocatus, aitazame L na R zangu kabla sijaifunga, usije ukasema nimekuharibia na wewe. Amepata kosa moja tu na nimelirekebisha. Sisi ndio watu mnaotuita nshomile, kwamba tumesoma mno na hatuachi kulisema. Leo nimekuwa mzee wa kuharibu watoto wasisome. Haya, nimepokea.

Godoro lake nilikuwa nimeshalianika. Nimelirudisha ndani.

Nina swali moja tu. Unasema mtoto anachanganya L na R kwa sababu ya ulimi. Je, umewahi kumwambia aseme? Simaanishi kuandika. Muweke mbele yako, mwambie aseme hayo maneno, umtazame mdomoni. Halafu uniandikie umeona nini.

Na huyo Didi, mwambie mwalimu kwamba ni mimi. Kweli napika ndizi.

Simu usihangaike nayo, mtandao huku migombani hauna mpango. Niandikie.

Kokulinda


Mabatini, Mwanza
14 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa dukani nikaikunja haraka, wateja wasione sura yangu. Kama nimekuumiza, nisamehe. Mimi mwenyewe sipati usingizi.

Umeniuliza kama nimemwambia aseme. Mama, kusema anasema, tena sana, au tuseme alikuwa anasema. Shida yake ni kwenye karatasi. Kila jioni nafunga duka saa kumi na moja, tunakaa mezani, namsomea imla. Maneno kumi. Analokosa analiandika mara ishirini. Juzi nilimsomea sentensi rahisi kabisa, "Baada ya arusi kulikuwa na karamu kubwa." Akaandika kalamu. Nikamwambia, sikiliza vizuri, nikarudia polepole. Akanitazama, akaandika tena kalamu, chini yake, kwa herufi zile zile. Nikamuuliza, watu waliokwenda arusini walikula kalamu? Aliandika mara ishirini nilivyomwonyesha, na kesho yake nilipomsomea tena aliandika kalamu. Mama, nilimpiga. Nakuandikia kwa sababu sijamwambia mtu mwingine.

Siku hizi hanisemeshi mpaka nimuulize kitu. Anacheka akiwa kwa jirani yetu Queen, yule msusi, nasikia vicheko kupitia ukutani. Akirudi ndani ananyamaza.

Jovinary ameamua. Kuna shule ya bweni mkoa mwingine, wanasifiwa kwa nidhamu, hakuna simu, wazazi wanatembelea mara moja kwa muhula. Anasema mtoto akikaa huko mwaka mmoja anarudi amenyooka. Usaili ni tarehe 9 Novemba, anaanza Januari. Tumeshanunua sanduku la bati. Nilipinga siku mbili halafu nikachoka, maana mimi nimejaribu na nimeshindwa, nitasimama na nini?

Odeta


Mabatini
3 Agosti 2024

Bibi shikamoo,

Mimi ni Leonsia. Anayeandika ni dada Queen, mimi nasema tu, na amekubali kuandika kila ninachosema hata kama ni kirefu. Ananisuka huku anaandika, kwa hiyo ukiona doa la mafuta ni ya nywele.

Bibi, mimi sijawa mjinga. Nataka nikuelezee ile habari ya kalamu. Mama alisema, "Baada ya alusi kulikuwa na kalamu kubwa." Mimi najua kwenye arusi ni karamu. Lakini mwalimu shuleni amesema imla ni kuandika unachosikia, usiongeze akili zako. Mimi nikasikia kalamu, nikaandika kalamu. Mama akasema sio. Akarudia, akasema tena kalamu. Nikaandika tena. Ndipo akanipiga. Bibi, mama anasema balabala, anasema lafiki, anasema tumsifu Yesu Klisto. Kule kwa bibi wa Sengerema wote wanasema hivyo, hata mjomba mwenye pikipiki. Siku moja zamani nilimwambia, mama sio lafiki ni rafiki, akaniambia mtoto hamsahihishi mama yake. Basi sijamsahihisha tena.

Lakini kuna mengine ambayo ni makosa yangu kweli. Herufi hazitulii. Ile ya bibi na ile ya dada ni herufi moja, imegeuka tu huku na huku, na mimi kila nikiiangalia sijui leo imegeukia wapi. Wenzangu wakisoma wanaona neno, mimi naona vijiti. Mwalimu akinisimamisha nisome nasema naumwa tumbo. Akisoma mtu mwingine nashika yote. Hadithi ya kitabu chote cha darasa la nne naijua kwa kichwa, dada Queen amenijaribu. Katekisimu pia.

Baba anataka kunipeleka bweni. Sanduku liko chini ya kitanda changu, limeandikwa jina langu kwa rangi nyeupe. Naliogopa. Kule nikisema tumbo hakuna mtu atakayeniamini.

Ile siri yetu sijaisema. Sijamwambia mama, sijamwambia baba, hata padri. Umeniambia nisiseme na mimi sisemi.

Mjukuu wako,
Leonsia

Shikamoo bibi, mimi Queen. Nimeandika kama alivyosema, sijaongeza. Siri gani sijui na sijamuuliza. Ila huyu mtoto ana akili, nyie watu mnahangaika bure.


Mwanza
20 Septemba 2024

Bi Kokulinda Rwehumbiza,
Kamachumu.

YAH: UHAMISHO WA LEONSIA KWENDA SHULE YA BWENI

Shikamoo Mama. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepata taarifa kutoka kwa mama Leonsia kwamba umekuwa na maswali kuhusu suala hili. Napenda kukufahamisha kwamba uamuzi umefikiwa baada ya kutafakari kwa kina. Mtoto amepewa kila nafasi. Amenunuliwa vitabu, amefundishwa na mwalimu wa ziada, amefundishwa na mama yake kila jioni. Maendeleo hakuna. Mwalimu mkuu ametuambia waziwazi kwamba atashusha wastani wa shule kwenye mtihani wa taifa na kwamba mwakani tumtafutie pengine. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kushindwa kusoma. Kazini wameshaanza kunitania, nshomile ambaye binti yake hajui A wala B.

Mtoto huyu ni mvivu, na uvivu unatibika kwa mpangilio. Hivyo naomba uridhie.

Nawasilisha.

Jovinary

Mama, usifikiri simpendi. Akiwa mdogo alikuwa anapanda mabegani kwangu na kuniambia majina ya milima yote mpaka Muleba. Sijui yule mtoto ameenda wapi.


Kamachumu
29 Septemba 2024

Wanangu Jovinary na Odeta,

Barua hii msome wote wawili, mmekaa pamoja, na Leonsia asiwepo.

Yah yako nimeipata, Jovinary. Nilikuzaa kwenye mvua, nikiwa njiani kwenda zahanati, na leo unanihusisha na kichwa cha habari. Nimeiweka kwenye faili pamoja na cheti chako cha ubatizo.

Nina jambo la kusema na nimelizunguka siku tatu. Katekista hajaiona barua hii, kwa hiyo mkikuta R imekaa vibaya mniache.

Mimi sisikii. Sio mtandao. Tangu ile homa ya mwaka aliokufa baba yenu masikio yalianza kuvuma kama mashine ya kukoboa kahawa, na mvumo ulipoisha uliondoka na kila kitu. Ni miaka kumi na moja sasa. Simu nikiona inawaka naipokea, nasema maneno yangu ya salamu, nakata. Mkija hapa natazama midomo yenu na najibu ninapoelewa, nisipoelewa nasema "Mungu mkubwa." Mmenisifu kwamba uzeeni nimekuwa mpole.

Niliwaficha kwa sababu nilijua mtafanya nini. Mtanifungia nyumba, mtanileta Mwanza, mtaniweka kwenye kochi nitazame televisheni. Na Odeta ulipougua ukaniletea mtoto, niliogopa zaidi. Nani atamwachia mtoto wa miaka miwili mtu asiyesikia akilia? Kwa hiyo nilimfunga kwa khanga mgongoni mchana, na usiku nililala nimemshika mkono, akitikisika tu niamke. Nilikosea kuwadanganya. Kumlea sikukosea.

Sasa sikilizeni. Mtoto huyo alijifunza kusema akiwa mbele ya uso wangu. Alijua asiposema vizuri sitamwona. Siku moja alitaka kalamu achore, mimi nikadhani anasema karamu, nikamletea sahani ya chakula. Alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akafungua mdomo akanionyesha ulimi ulipokaa kwenye L, akanionyesha unavyotetemeka kwenye R. Alikuwa na miaka minne. Mnaniambia mimi ndiye niliyemchanganyia L na R. Hakuna mtoto Mwanza nzima anayezijua kama yeye.

Aliniahidi hatasema kwamba sisikii, na hajasema mpaka leo. Amechapwa kwa ajili ya ulimi wangu na angeweza kujitetea kwa neno moja tu, bibi yangu hasikii, nimejifunza kusema kwa macho yake. Hakulisema. Mtoto wa namna hiyo mnamwita mvivu.

Odeta, mwanangu, hili ni gumu na nitaliandika polepole. Mimi sijawahi kusikia sauti yako. Ulipoolewa nilikuwa nimeshakwisha masikio. Nakujua kwa barua, na kwenye barua R zako zote zimesimama sawa. Lakini nimeambiwa kwamba mdomoni hazipo. Usimuulize Leonsia, na usimchape aliyeniambia, maana aliyeniambia anakupenda. Fanyeni hivi. Jovinary achukue daftari, asome yeye maneno kumi. Halafu wewe Odeta usome hayo hayo. Mtaona wenyewe.

Herufi nyingine zinazogeuka, hizo mimi sizijui. Hizo mtafutieni mtu anayejua. Lakini asiende kwenye hilo sanduku kabla hamjafanya nilivyosema.

Mama yenu,
Kokulinda


Mabatini, Mwanza
13 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Naandika barua ambayo nisingependa kuiandika.

Tulifanya kama ulivyosema, Jumapili baada ya misa. Jovinary alisoma maneno kumi. Leonsia aliandika, ulimi nje kidogo, kama anavyofanya. R zote zilikaa mahali pake, Mama. Zote. Makosa mengine yalikuwepo, barabara aliandika "darabara", ndizi akaandika tena "nbizi", na neno mahakama lilikosa katikati. Lakini karamu ilikuwa karamu na mahari ilikuwa mahari.

Halafu nikasoma mimi. Niliposoma la kwanza Leonsia hakuandika. Alimtazama baba yake. Baba yake akamwambia, andika unachosikia. Akaandika, na Jovinary akasogea kutazama, akaanza kucheka. Alicheka sana, akasema, "Mama Leonsia, mahali ya bibi harusi ni ng'ombe wangapi?" Mimi sikuelewa anacheka nini. Nilimwambia nimesema mahari. Akaniambia umesema mahali. Nikasema tena, na mpaka nakuandikia hivi mimi nasikia nimesema sawa. Mama, masikioni mwangu ni kitu kimoja. Nimezaliwa Sengerema, baba yangu Malimi alikuwa akisema hivyo, walimu wangu wakisema hivyo, na mtihani wa Kiswahili nilipata alama ya juu kwa sababu kuandika najua. Nimeolewa na Wahaya miaka kumi na hakuna aliyewahi kuniambia. Jovinary anasema alidhani najua. Anasema siku ya kwanza aliponiuliza njia nikamwelekeza "balabala" ndipo aliponipenda.

Kisha alichukua yale madaftari ya jioni. Yako matatu. Alifungua moja baada ya jingine, kurasa zote za wino wangu mwekundu, karamu mara ishirini, rafiki mara ishirini, na kicheko kilimwisha. Leonsia alikuwa analia bila sauti. Nilimwomba msamaha mbele ya baba yake. Sijui kama wazazi huwa wanafanya hivyo, kwetu sikuwahi kuona. Aliniambia, "Mama, mimi nilijua hujui."

Na wewe pia nakuomba, Mama. Nilikuandikia kwamba umemharibu ulimi, kumbe alikuwa anaandika wangu.

Zile herufi zinazogeuka tumezipeleka kwa mtu. Kuna mwalimu anaitwa Paskazia, shule ya serikali ng'ambo ya Mkuyuni, ana darasa la watoto wanaohitaji kufundishwa kwa njia nyingine. Alikaa na Leonsia karibu saa mbili. Alimsimulia hadithi, akamwambia aisimulie upya, naye akaisimulia yote na kuongeza mwisho wake. Mwalimu Paskazia anasema akili ya mtoto ni nzima na ni kali. Anasema kuna watu ambao macho yao hayana kasoro lakini ubongo unazipokea herufi kwa namna nyingine, sio ugonjwa, sio uvivu, na fimbo haifiki huko. Atasoma, ila atachelewa na atapita njia yake. Asomewe kwa sauti, apewe herufi kubwa, apewe muda, aruhusiwe kujibu kwa mdomo. Nikamuuliza kuhusu bweni. Akasema, "Huko atajifunza jambo moja tu vizuri, kujificha."

Usaili bado uko pale pale tarehe 9 na sanduku bado liko chini ya kitanda. Nilimuuliza Jovinary jana, akasema ataamua akishakuona wewe. Anapanda basi kesho. Nimempa barua hii akuletee, maana najua ukimtazama mdomoni hatakwambia hata nusu.

Odeta


Mabatini, Mwanza
19 Januari 2025

Mama,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Nianze na baya. Matokeo ya darasa la nne yametoka na Leonsia hakufaulu. Tulijua. Anarudia darasa, lakini anarudia kwa mwalimu Paskazia, ameanza Jumatatu. Ile shule ya zamani walifurahi kutuaga. Sare yake mpya nimeishona mwenyewe, nimeweka mfuko mkubwa wa kadi za herufi.

Jovinary aliporudi kutoka kwako ile Oktoba, siku mbili alikuwa anatoka alfajiri na kurudi usiku. Nilidhani mmegombana. Siku ya tatu aliniambia. Anasema alifika akapiga hodi muda mrefu, akazunguka nyuma, akakukuta umeinama unapalilia maharage, umempa mgongo. Akaita, Mama. Akaita tena. Anasema aliita mara tatu akiwa hatua tano kutoka kwako, na hukugeuka, ukaendelea kuimba wimbo wako. Akakaa kwenye ngazi mpaka ulipogeuka mwenyewe. Anasema miaka yote aliyokupigia simu, habari zake zote za kazi, kupandishwa cheo, kufiwa na rafiki yake, alikuwa anaziambia simu.

Halafu akaniambia hivi, na nakunakilia kama alivyosema. "Mama yangu amejificha miaka kumi na moja kwa sababu alituogopa sisi. Sitaki binti yangu aanze kujificha akiwa na miaka kumi." Usiku ule alilitoa sanduku chini ya kitanda akanipa. Nimehifadhia vitambaa vya sare. Jina la Leonsia bado lipo kwenye kifuniko, hataki lifutwe, anasema ni neno la kwanza alilolisoma bila kukosea, alilisoma kila siku akiwa analiogopa.

Nyumba yako haifungwi. Hilo Jovinary amesema nikuandikie kwa herufi kubwa: HAIFUNGWI. Na Juni Leonsia anakuja kwako, uanike godoro.

Jioni sasa mimi simsomei imla. Ananisomea yeye, taratibu sana, mistari mitatu, na akichoka tunaacha. Kisha ananifundisha R. Ananiambia nifungue mdomo aone ulimi. Nimekuwa wa mwisho darasani.

Odeta


Madatini
tarehe 6 Aprili

Didi Shikamoo

Mimi mzima. Komunyo yagu ni tarehe 27 Aprili. Njoo kwenye karamu. Nitasema sala zote. Kaa mdele unione mdomo. Lete nbizi. Nimeandika mwenyewe mama hajasaibia.

Leosia


Kamachumu
15 Aprili 2025

LEONSIA,

NAANDIKA HERUFI KUBWA KAMA MWALIMU WAKO ALIVYOTAKA. SOMA POLEPOLE. MIMI PIA NIMESOMA YAKO POLEPOLE.

NIMEISOMA YOTE. REVOCATUS ALITAKA KUNISAIDIA, NIKAKATAA.

KARAMU ULIYONIITA INA R. NIMEIONA.

NAKUJA. NITAKAA MBELE. NIMEWAAMBIA WATU WOTE HUKU KWAMBA SISIKII, KWA HIYO SIRI YETU IMEKWISHA. UMEITUNZA VIZURI. SASA PUMZIKA.

NBIZI NITALETA MIKUNGU MIWILI.

NI MIMI,
DIDI YAKO